Namna ya Kujenga Vigasha na Nguvu ya Kushika kwa Madumu, Kamba na Bomba

Kabla ya kugusa uzito wowote, fanya jaribio hili ukiwa umekaa hapo ulipo. Kunja kifundo cha mkono kuelekea ndani mpaka kigome, kisha jaribu kukaza ngumi kwa nguvu zako zote. Ngumi haitakazika, vidole vitalegea kana kwamba si vyako. Sasa inua kifundo kidogo kuelekea nyuma, ukaze tena, nawe utaona tofauti papo hapo. Sababu ni kwamba misuli inayokunja vidole haimo ndani ya vidole wala, kwa sehemu kubwa, ndani ya kiganja. Imelala kwenye kigasha, yaani sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo, nayo huvifikia vidole kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo kama kamba zipitazo kwenye kapi. Kifundo kikikunjwa ndani, misuli hiyo huwa imekwisha kufupika, haina tena urefu wa kuvuta.

Kwa hiyo anayetaka kushika kwa nguvu anafunza kigasha, na anayetaka kigasha kinene hana budi kushika vitu vizito kwa muda mrefu. Nitatumia neno mshiko kwa maana yake ya kwanza. Vijana wa mjini kwetu Mwanza wakilisikia hufikiria pesa, na hao wataniwia radhi. Jambo jingine la kuweka mbele ni kwamba misuli hupokea mazoezi upesi ilhali kano huchelewa sana, na mwendo wa mpango huu umewekwa kwa ajili ya kano. Utajiona una uwezo wa kuongeza uzito mapema kuliko ninavyoelekeza. Usiongeze.

Hatua ya kwanza: kupima

Tumia tepi ya fundi cherehani. Nyosha mkono, legeza kiganja, kisha zungusha tepi mahali kigasha kilipo kinene zaidi, ambapo kwa watu wengi ni vidole vitatu hivi chini ya mkunjo wa kiwiko. Pima asubuhi kabla ya mazoezi, kwa sababu kigasha kilichotoka kazini hujaa damu na kumdanganya mwenye nacho. Nimewahi kushangilia sentimita nzima iliyotoweka kabla ya chakula cha jioni. Pima mikono yote miwili, kwa kuwa ule unaoutumia zaidi huwa umezidi kidogo, na tangu leo fahamu kwamba uzito wa kila zoezi utaamuliwa na mkono ulio dhaifu.

Nguvu nayo ina vipimo vyake. Hesabu sekunde unazoweza kuning'inia kwenye bomba kwa mikono miwili, na hatua unazoweza kutembea ukiwa na madumu mawili yaliyojaa maji bila kuyaweka chini. Kwa nguvu ya kubana kati ya gumba na vidole, azima mizani ya kuning'iniza, ile inayotumika mialoni kupimia samaki. Ifunge chini kwenye kitu kisichong'oka, funga kipande cha ubao kwenye ndoano yake, bana ubao huo kwa ncha za vidole na uvute juu taratibu mpaka uteleze; mwenzako asome namba ya mwisho. Hospitalini kuna kifaa cha kazi hiyo kiitwacho dainamomita, ambacho hupima kiganja kizima kikikaza, na wataalamu wa Ulaya wanaoshughulikia udhaifu wa misuli kwa wazee huchukulia chini ya kilo 27 kwa mwanamume na kilo 16 kwa mwanamke kuwa dalili ya udhaifu. Usizilinganishe namba hizo na za mizani ya samaki. Mizani yako inakulinganisha wewe na wewe.

Hatua ya pili: vifaa

Huhitaji jimu. Tafuta madumu mawili ya lita 20 na moja dogo la lita tano, yote yenye mifuniko inayobana, kipande cha bomba la chuma chenye urefu wa mita moja na nusu hivi, kamba ya manila yenye unene wa gumba na urefu wa mita kumi, tairi kuukuu la gari, tyubu ya baiskeli iliyokwisha kazi, vipande viwili vya ubao, na kitenge ambacho hakuna mtu atakayekudai. Uzuri wa dumu ni kwamba lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo unaongeza uzito kwa kikombe, jambo ambalo mwenye dambeli, yaani chuma cha mazoezi chenye mpini wa mkono mmoja, haliwezi.

Vishikio vya springi vinavyouzwa na machinga si vibaya, ila tatizo lake ni kwamba namba ya ugumu iliyoandikwa kwenye kimoja haina uhusiano na ya kingine. Vipo vya kuaminika, kama Captains of Crush vya kampuni ya IronMind ya Marekani, ambavyo namba 4 yake imebanwa mpaka ikafunga kabisa na watu wanaohesabika kwa vidole tangu Joe Kinney alipotambuliwa kuwa wa kwanza mwaka 1998. Hata hivyo springi hufunza namna moja tu ya kushika, nayo si ile inayotumika zaidi katika maisha ya kila siku. Fedha yako inunue kamba nzuri.

Hatua ya tatu: kupasha mikono moto

Fungua na ufunge viganja mara thelathini, zungusha vifundo pande zote mbili, kisha fanya zoezi la kwanza la siku hiyo kwa nusu ya uzito. Dakika tano zinatosha, na asubuhi ya kipupwe zifanye kumi.

Hatua ya nne: kubeba

Hili ndilo zoezi mama. Simama katikati ya madumu mawili, piga magoti kidogo, shika mipini, inuka kwa miguu na utembee. Mpini ukae kwenye mashina ya vidole, si katikati ya kiganja, kwa kuwa ukiuweka katikati utateleza hata hivyo mpaka kwenye mashina na njiani utaikunja ngozi na kukuachia lengelenge. Mabega yashuke, hatua ziwe fupi, kifundo kisilegee upande wowote. Anza na lita kumi katika kila dumu, tembea kwa sekunde 30, pumzika dakika mbili, rudia mara nne. Kila wiki ongeza lita moja au sekunde tano, usiongeze vyote viwili kwa pamoja.

Wakazi wa Mabatini na Igogo, ambako nyumba zimepanda juu ya mawe na njia zake ni ngazi, wataniambia kwamba wao wamebeba maji tangu utotoni bila mwongozo. Ni kweli, lakini angalia yanavyobebwa: maji yanayopandishwa kichwani hujenga shingo na mgongo, na mkono huenda juu kusawazisha tu. Kwa lengo letu dumu lining'inie mkononi, na mahali pa tambarare ni bora kuliko ngazi, kwa sababu ukiishiwa nguvu ya vidole ghafla kilo 20 zitaporomoka kuelekea kwa aliye nyuma yako.

Ukifika mahali ambapo madumu yaliyojaa hayakusumbui kwa sekunde 60, usikimbilie uzito mwingine. Nenepesha mpini kwanza. Kata tyubu ya baiskeli iwe utepe, uzungushe juu ya mpini mpaka vidole na gumba visikutane tena, kisha beba madumu yale yale; utashangaa jinsi maji yalivyoongezeka uzito bila kuongezwa. Kitu kinene humnyima gumba nafasi ya kufunga juu ya vidole, na hapo ndipo mshiko hujulikana. Dambeli mashuhuri ya Mwingereza Thomas Inch ilikuwa na uzito wa kilo 78 hivi, uzito ambao watu wengi wenye nguvu huinua kwa mkono mmoja ukiwa kwenye chuma chembamba, lakini mpini wake wenye unene wa takriban sentimita sita uliwashinda mabingwa wa zama zake, kwa kuwa ulijiviringisha na kuwatoka vidoleni. Baada ya mpini mnene ndipo uingize mchanga mkavu badala ya maji, na dumu lile lile litapita kilo 30. Vaa viatu siku hiyo, maana mpini wa plastiki haukutengenezwa kwa mchanga.

Mchanga huo uchukue kwenye eneo la ujenzi. Usiingie ziwani kuuchota ukiwa umesimama kwenye maji ya ukingoni, kwa kuwa huko ndiko kichocho kinakoingilia kwenye ngozi, na hakuna kigasha kinachostahili gharama hiyo.

Hatua ya tano: kuvuta kamba

Zoezi hili nililipata kwa kutazama. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku na taa zao, na mwenye kupata nafasi ya kukaa kwenye mtumbwi mmoja huona jinsi wavu unavyoingizwa. Nilimtazama mzee mmoja ambaye vigasha vyake vilikuwa vinene kuliko mikono yake ya juu. Hakukunja kiwiko alipoanza kuvuta. Alipeleka mkono mbele, vidole vinne vikajipinda juu ya kamba iliyolowa kama ndoana, gumba likakaa kando bila haraka, kisha akaegemea nyuma. Mwili ndio uliovuta. Vidole vilizuia tu. Kifundo kilibaki kimenyooka muda wote. Na kila mkono ulipomaliza zamu yake ulifunguka wote, vidole vikatandazwa wazi kabla ya kwenda mbele tena. Nilihesabu mara mia moja na kitu nikaacha, yeye akaendelea.

Nchi kavu fanya hivi. Funga kamba kwenye tairi, weka mawe mawili ndani yake (kwetu mawe hayajawahi kuadimika), nyosha kamba yote, kaa chini ukiwa umekanyaga kitu imara, na ulivute tairi mpaka miguuni pako, mkono mmoja baada ya mwingine. Kisha lirudishe na uanze upya. Mivuto mitatu hadi mitano ya mita kumi, na mapumziko ya dakika mbili katikati, inatosha kwa miezi miwili ya kwanza. Fungua kiganja kabisa kila kinapoachia. Ukitaka ugumu zaidi ilowanishe kamba badala ya kuongeza jiwe la tatu.

Hatua ya sita: kuning'inia na kubana

Kuning'inia ni rahisi kueleza. Shika bomba au tawi la mwembe lililo imara, viganja vikitazama mbele, acha miguu iondoke chini, usikaze uso. Seti tatu, kila moja ikomee sekunde chache kabla ya vidole kufunguka vyenyewe. Ukifikisha sekunde 60, tupa kitenge juu ya bomba, shika ncha zake mbili na uning'inie hapo. Kitambaa hujikusanya na kuteleza, na sekunde 60 zako zitarudi kuwa 15. Mwenye mwili mzito anayeshindwa kabisa kuondoa miguu aiache iguse kiti, aondoe uzito kidogo kidogo kadiri wiki zinavyopita.

Kubana ni kazi ya gumba, kiungo ambacho karibu kila mtu hukisahau. Ukipita soko la samaki la Mwaloni Kirumba, tazama wachukuzi wanavyolikamata gunia la dagaa kwa masikio yake: hakuna mpini wa kufungia vidole, kuna kipande cha gunia kilichobanwa kati ya gumba na vidole vilivyonyooka. Pigilia misumari vipande viwili vya ubao vikae pamoja, vipate unene wa sentimita tano hivi, toboa tundu, upitishe kamba yenye dumu la lita tano, bana juu na ushikilie kwa sekunde 15. Seti tatu kwa kila mkono. Ongeza maji kwa kikombe kimoja tu kwa wiki, maana gumba hupona polepole.

Hatua ya saba: kunenepesha

Mazoezi yaliyotangulia hujenga nguvu na pia hunenepesha, lakini kwa kuwa katika mengi yake misuli inakaza bila kurefuka na kufupika, yule anayetaka unene hasa aongeze mazoezi ya mwendo kamili. Kaa, laza kigasha juu ya paja kiganja kikitazama juu na kifundo kikiwa nje ya goti, shika bomba lililofungiwa uzito, liache lishuke mpaka kwenye vidole, kisha lirudishe kiganjani na ukunje kifundo juu. Rudia mara 12 hadi 20, ukishusha kwa sekunde tatu. Halafu geuza kiganja kitazame chini, punguza uzito uwe nusu au chini ya hapo, na uinue mgongo wa kiganja. Wengi huliruka zoezi hili la pili kwa sababu uzito wake mdogo unawatia aibu mbele ya wenzao. Ndilo litakalolinda kiwiko chako, na ndilo linalojaza upande wa juu wa kigasha unaoonekana ukikunja mikono ya shati.

Msuli unaotoka juu kidogo ya kiwiko na kushuka upande wa gumba hauhusiki na kifundo. Huo hukunja kiwiko, na hufanya kazi zaidi kiganja kikitazama chini au kikitazama mwili. Kwa hiyo simama, shika bomba viganja vikitazama chini, na ulikunje mpaka kifuani, seti tatu za mara 10 hadi 12. Kwa watu wengi msuli huu ndio wenye nafasi kubwa ya kunenepa kwa sababu haujawahi kufanyiwa kazi ya makusudi.

Umalizie kwa kuviringisha: funga kamba fupi katikati ya bomba, upande wa pili ufunge dumu la lita tano, nyosha mikono mbele na ulipandishe dumu kwa kuviringisha bomba, kisha lishushe kwa mwendo ule ule wa polepole. Kupandisha na kushusha mara mbili kunatosha. Moto utakaousikia ndani ya kigasha ni wa kawaida, nao hutulia ndani ya dakika chache.

Hatua ya nane: kufungua

Kata kipande cha tyubu chenye upana wa sentimita moja kiwe pete, kivishe vidole vyote vitano karibu na kucha, na uvitandaze wazi mara 25. Seti mbili kila siku, hata siku za mapumziko, hata ukiwa kwenye daladala ya Igoma. Kazi kubwa ya kushika hufanywa na misuli ya upande wa kiganja. Hii ya upande wa pili ikiachwa nyuma, kiwiko huweza kuanza kulalamika.

Ratiba na maumivu

Siku mbili kwa wiki zinatosha kwa anayeanza, kwa mfano Jumatatu kubeba, kubana na kunenepesha, na Alhamisi kuvuta kamba, kuning'inia na kunenepesha tena. Baada ya miezi mitatu unaweza kuongeza siku ya tatu iliyo nyepesi. Kila wiki ya nne punguza seti ziwe nusu bila kubadili uzito. Anayefanya kazi ya mikono, awe mwashi, mvuvi au msukuma mkokoteni, ahesabu kazi yake kuwa siku mojawapo ya mazoezi na asijidanganye kwamba vidole vinajua tofauti.

Maelekezo haya nimeyalipia. Mwaka wangu wa kwanza nilining'inia kila siku, tena mara mbili kwa siku, kwa sababu sekunde zilikuwa zinaongezeka na nilipenda kuziona. Wiki ya saba nikaanza kusikia kitu kama mwiba upande wa ndani wa kiwiko nilipofungua mlango. Nikaendelea, nikifunga kitambaa. Wiki ya kumi nilishindwa kusonga ugali. Mwiko uligoma kugeuka na mke wangu akaunyakua. Nilikaa miezi minne bila kuning'inia hata mara moja, na dawa ilikuwa ile ile ya kukunja kifundo kwa uzito mdogo sana, nikishusha polepole, siku baada ya siku.

Basi tofautisha. Uchovu wa misuli husambaa katikati ya kigasha na huisha ndani ya siku mbili au tatu. Maumivu ya kano hukaa mahali pamoja, karibu na kiwiko au kifundo, huamka asubuhi na kurudi kila ukishika kitu; hayo yakitokea punguza uzito mpaka yasisikike, na yasipopungua ndani ya wiki mbili umwone daktari. Ganzi kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa ile inayokuamsha usiku, haihitaji kusubiriwa hata wiki hizo, kwa sababu huenda ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo.

Kuhusu ngozi, sugu ni rafiki ikiwa tambarare. Ikiinuka kama kichuguu itanaswa na kamba na kuchanika, hivyo isugue kwa jiwe la kusugulia miguu baada ya kuoga. Kuhusu chakula, kigasha hakina mlo wake peke yake. Mwili unaojengwa unahitaji protini ya takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, na katika mji ambao dagaa wakavu, ambao protini ni kama nusu ya uzito wao au zaidi, huuzwa kwa kopo, sioni sababu ya mtu kununua unga wa kwenye ndoo kabla hajamaliza dagaa.

Mwishoni mwa wiki ya nane, baada ya siku mbili za kupumzika kabisa, rudia vipimo vyote kwa mpangilio ule ule: tepi asubuhi kabla ya chai, kisha bomba, madumu na mizani. Nusu sentimita kwenye tepi ni matokeo mazuri kwa muda huo, na kwenye sekunde na hatua utaona zaidi. Andika tarehe na namba za mikono yote miwili, ukianza na ule ulio dhaifu, kwa kuwa huo ndio utakaoamua kiasi cha maji utakayotia kwenye madumu wiki ya tisa.